Tawi la Kilometa ya Themanini na Saba

Osmunda Luoga, dereva mwanamke, alishuka kwenye lori lake saa nne asubuhi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji la yadi, akanawa uso mara tatu, na ndipo akaanza kutukana. Alitukana barabara, akatukana ukungu, akamtukana dereva wa lori lililomtangulia. Alipowamaliza hao wote, akamgeukia Eufrasia Mlowe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai mkononi.

"Na wewe, Frasia! Wewe hasa! Kaka yako atatuua."

Madereva waliokuwa wakisubiri kupakia wakageuka kumtazama. Kaka huyo, Gaudensi Mlowe, alikuwa na mwaka na miezi minne kaburini.

"Kumetokea nini?" Frasia aliuliza, ingawa alishajua.

"Themanini na saba, kuna nini kingine! Lori la mbele limefika pale, dereva kashtuka, kakanyaga breki. Barabara imenyooka, hakuna kitu, hata mbuzi hakuna! Mimi niko nyuma yake na tani ishirini na nane za chai. Nimepita pembeni, matairi ya kushoto yamekula majani." Alijipangusa maji usoni. "Marehemu alikuwa anatuambia, tawi likiwa bado lipo, ujue Frasia kaenda kaona kitu. Haya, tuambie. Umeona nini pale?"

Frasia aliimwaga chai, akaingia ndani.

Kila dereva wa Kampuni ya Nyanda alibandikwa kupe. Kilikuwa kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya harage, kikikaa nyuma ya sikio. Jina lake rasmi lilikuwa refu na lilionekana kwenye mikataba tu. Kupe alikuwa na kazi mbili. Dereva akiingiwa na hofu kubwa, kupe aliinasa na kuiacha mahali pale pale, kilometa ile, mita ile. Dereva mwingine wa kampuni akifika hapo, kupe wake alimwonjesha hofu hiyo, robo tu ya nguvu yake, ili mwili ujihadhari kabla macho hayajaona. Tangu kupe waletwe, kampuni iliyokuwa ikizika madereva sita au saba kwa mwaka ilikaa miaka mitatu bila kununua sanda. Halafu akafa Gaudensi, peke yake.

Madereva waliziita hofu hizo matawi. Wote walikulia kwenye desturi moja: gari likikuharibikia, unakata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani, nyuma na mbele, ili anayekuja ajue. Wote walijua pia aibu ya desturi hiyo. Gari likitengemaa, mwenye gari anawasha na kuondoka zake, matawi anayaacha, na watu wanashinda wiki nzima wakikwepa matawi yanayolinda hewa.

Kazi ya Frasia ilikuwa kuyaondoa matawi ya hofu ambayo hatari yake imekwisha. Alipaswa kufika mahali penyewe kwa mwendo ule ule alioufikia dereva aliyeogopa, na kuipokea hofu yote, si robo, mwanzo hadi mwisho. Kisha kioo cha kompyuta ya gari kilimwuliza swali moja tu: Hatari bado ipo? Akijibu ndiyo, tawi linabaki. Akijibu hapana, linang'oka na halirudi milele. Nakala haikuwepo. Mashine iliweza kuibeba hofu lakini haikuweza kuisoma, kwa hiyo neno la mkaguzi ndilo lililobaki kuwa ushahidi.

Tawi la Gaudensi alikuwa amelijibu ndiyo mara tano, na mara zote tano alidanganya. Hakuwa amethubutu kulipokea lote hata mara moja.

*

"Hatari gani?" aliuliza Bwana Ngailo, mkuu wa usalama. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa na mchoro wa ajali zinavyopungua, ambao aliupenda kama wengine wanavyopenda picha za harusi.

"Ukungu," Frasia alisema.

"Ukungu uko Njombe nzima, dada yangu. Tuweke tawi kila nyumba?" Alisubiri Frasia acheke, hakucheka. "Nakuelewa. Ni damu yako. Lakini leo nusura tumzike Osmunda. Kesho asubuhi kaling'oe. Na kwenye taarifa andika kama ilivyoandikwa siku ile: alilala, akaamka kachelewa."

"Na nikihisi vingine?"

Ngailo alivua miwani. "Frasia, nisikilize. Lori lilikata barabara likaenda kulia, likaingia korongoni bila breki. Ama alilala, ama kupe wake alimfanyia kitu. Hakuna la tatu. Madereva wakisikia la pili, kesho watawabandua kupe wote wawatupe chooni, na mwakani wewe na mimi tutarudi kwenye kazi ya kutembelea wajane. Kaka yako ameshakufa. Kulala hakumuumizi."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba hayakuwa ya kijinga. Frasia alikuwa amewahi kuwatembelea wajane. Alitoka ofisini akiwa na hasira na Ngailo, na hasira zaidi kwa kuwa nusu ya moyo wake ilikubaliana naye.

*

Skolastika, mjane wa Gaudensi, alikuwa uani akimenya viazi. Hakusimamisha kisu alipoambiwa.

"Kwa hiyo kesho mnamzika mara ya pili," alisema.

"Wifi, usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Frasia alimpakia Skolastika kwenye gari la ukaguzi, akampa kupe wa akiba, na wakapita kilometa ya themanini na saba polepole. Lilikuwa kosa kazini, na Frasia alilifanya kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumfariji. Robo ya hofu ya Gaudensi iliwapitia wote wawili, sekunde nne, kisha ikaisha. Skolastika hakuwahi kulia. Alifumba macho, na baadaye alisema neno moja tu, "Ndiye," kama mtu aliyepokea simu kutoka mbali. Mwanzoni Frasia aliona huruma. Siku hizi aliogopa kumtazama usoni wakati ule.

"Watoto wameambiwa shuleni baba yao alilala usukani," Skolastika alisema. "Yule mdogo sasa analala vibaya. Anasema akilala atafanya kitu kibaya. Mtu aliyelala haogopi, wifi. Ile hofu ndiyo shahidi wangu. Ukiing'oa, nani atasema alikuwa macho?"

"Mimi. Nitaipokea yote, kisha niandike."

"Uandike ukweli?"

"Ukweli."

Skolastika alivitumbukiza viazi kwenye sufuria, kimoja kimoja. "Basi kesho nakuja. Nataka nikuone ukiandika."

*

Saa mbili asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara hata vigingi vya kilometa vikawa vinatokea ghafla, vyeupe, kimoja baada ya kingine, na kupotea. Themanini na nne. Themanini na tano. Upande wa kulia, ng'ambo ya njia ya wanaokuja, lilikuwepo korongo ambalo halikuonekana, ila hewa ya baridi iliyopanda kutoka humo iliingia hata vioo vikiwa vimefungwa.

"Kupe wako nimemweka kwenye robo," Frasia alisema. "Wangu yuko wazi wote. Nikipiga kelele usiniguse. Nikikata usukani, nishike."

"Mbona ukate usukani?"

"Sijui. Nasema tu."

Mwendo wa Gaudensi ulikuwa kilometa sitini na mbili kwa saa, mwendo wa mtu mwangalifu. Frasia aliuweka hapo hapo. Kigingi cha themanini na saba kikatokea.

Kwanza hakikuja kitu cha kutisha hata kidogo. Kupe hunasa sekunde chache za kabla ya hofu, na katika robo hazisikiki. Katika hofu nzima zipo. Ulikuwepo utulivu. Ilikuwepo njaa ndogo ya asubuhi, na midomo ya Frasia ikajikunja yenyewe, ikataka kupiga mluzi. Gaudensi alipiga mluzi tangu utotoni, vibaya, wimbo mmoja nusu. Alikuwa macho. Alikuwa macho kabisa, na alikuwa na furaha, na Frasia alitaka kumgeukia wifi yake amwambie.

Kisha hofu ikaja, na haikuwa ya Gaudensi.

Mkaguzi haoni picha. Lakini aliyezoea hujua hofu imetoka upande gani, ya nani, na inataka mikono iende wapi. Hii ilikuwa ya mtu mwingine, mwanaume mzito, mwenye harufu ya tumbaku mdomoni. Mbele, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kikubwa kimesimama, na hofu ilisema neno moja: kulia. Mikono ya Frasia ikaanza kwenda kulia. Aliitazama ikienda. Juu ya hofu ile ya mgeni ikapanda hofu nyingine, na hii ndiyo ilikuwa ya kaka yake, ambayo kwa miezi kumi na sita walikuwa wakiionja bila kuielewa. Gaudensi hakuogopa korongo. Hakupata nafasi ya kuliona. Aliogopa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa inafanya kitu ambacho hakuwa ameituma.

"Frasia! Frasia!"

Skolastika alikuwa ameukumbatia usukani kwa mikono yote miwili na kuuvuta kwake. Gari liliyumba, likarudi kushoto, likasimama kwenye majani. Injini ikazima. Ukungu ukawafunika.

"Alikuwa macho," Frasia alisema alipopata sauti. "Wifi, alikuwa macho. Alikuwa anapiga mluzi."

Skolastika aliweka kiganja mdomoni. Na sasa, kwa mara ya kwanza, alilia, kwa sauti, bila kujificha, na Frasia alilia naye. Ilikuwa karibu furaha. Laiti angeishia hapo.

Lakini alikuwa mkaguzi, na kile kitu cha kushoto kilimsumbua. Alifungua kumbukumbu za kilometa ile kwenye kioo cha gari. Tawi la Gaudensi lilikuwa juu. Chini yake, limefunikwa, lilikuwepo tawi la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka kulitazama. Taarifa ya dereva iliyoambatishwa ilisema: lori limeharibika njia ya kushoto, halikuwekewa matawi, dereva amekwepa kulia. Lori lile lilikuwa limevutwa baada ya siku tatu. Gaudensi alikuwa amekufa wiki sita baadaye.

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, wa wiki mbili baada ya lori kuvutwa. Imekaguliwa. Hatari bado ipo. E. Mlowe.

Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Ilikuwa mvua, alikuwa na mafua makali, na alikuwa na matawi arobaini ya kukagua kabla ya mwisho wa mwezi. Alikaa ofisini amejifunika blanketi, akinywa chai ya tangawizi, na akayajibu yote arobaini kwenye kompyuta ya ofisini: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila mkaguzi alifanya hivyo siku mbaya. Ukijibu hapana na ukakosea, mtu atakufa na utaulizwa. Ukijibu ndiyo, nani atakuuliza? Tawi likizidi halijawahi kumdhuru mtu. Ndivyo walivyoambiana, na waliamini.

Madereva wengine walipita pale jua likiwaka, wakashtuka kidogo, wakaona barabara tupu, wakacheka. Gaudensi alipita kwenye ukungu. Hakuona kitu, kwa hiyo aliiamini hofu. Na aliiamini kwa sababu tawi lilikuwa bado lipo, na tawi likiwa bado lipo, ujue Frasia kaenda kaona kitu.

"Nini?" Skolastika aliuliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

Angeweza kukizima kile kioo. Ukweli aliouahidi ulikuwa umeshapatikana nusu, na nusu ile ilitosha kumsafisha Gaudensi. Angeandika: alikuwa macho, akakwepa kitu kwenye ukungu. Watoto wangepona. Ngailo angepumua. Tawi la chini lingeng'oka pamoja na la juu, na hakuna mtu duniani angejua lilikuwa la nani. Frasia alilifikiria hilo, na alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye.

Kisha akakigeuza kioo kuelekea kwa wifi yake.

Skolastika alisoma polepole. Alisoma tena. Alipofika kwenye jina alikiweka kidole juu yake.

"Hili ni jina lako."

"Ndiyo."

"Ulikuja hapa, ukaona?"

"Sikuja. Nilikuwa ofisini. Niliandika tu." Alilazimisha maneno yatoke. "Aliogopa kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu mimi niliandika kipo. Mimi ndiye niliyemuua, wifi."

Skolastika alifungua mlango, akashuka, akaingia ndani ya ukungu mpaka Frasia hakumwona tena. Frasia alikaa akitazama mahali pale peupe aliposimama wifi yake mara ya mwisho, akijua korongo liko ng'ambo ya barabara, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa hofu yake mwenyewe. Alitaka kushuka kumfuata na hakuona kama ana haki hiyo.

Kioo kilikuwa kikisubiri. Hatari bado ipo? Alijibu hapana kwa tawi la chini. Kwa tawi la kaka yake kidole kilimgoma, kisha nalo akalijibu hapana. Hakikusikika kitu. Ila ndani ya gari palikuwa na upweke ambao haukuwepo kabla, na alijua hatausikia mluzi ule tena. Akaandika taarifa, mstari kwa mstari, akiacha jina lake wazi. Akaituma.

Hesabu ndiyo iliyomshtua, alipokuwa akituma. Yalikuwa arobaini siku ile. Hili lilikuwa moja.

Alichukua simu ya gari. "Bwana Ngailo, simamisha malori."

"Nimeisoma taarifa yako," sauti ya Ngailo ilisema, na haikuwa ya upole. "Futa hiyo kitu, Frasia, kabla haijasomwa na mwingine."

"Yako thelathini na tisa mengine. Niliyasaini siku ile ile, na hayajakaguliwa tena. Sijui lipi la kweli na lipi la uongo. Ukungu uko mpaka Makambako."

"Nina malori kumi na sita barabarani!"

"Ndiyo maana."

Ngailo alikata. Frasia alibonyeza kitufe chekundu ambacho mkaguzi anaruhusiwa kukibonyeza mara moja tu kwa sababu ya kufa na kupona, na sauti yake ikaingia kwenye kila lori la kampuni. Aliwaambia aliyoyafanya. Hakupamba. Aliwasomea namba za kilometa, moja moja, zote thelathini na tisa.

Ikaja sauti aliyoijua, ikiwa chini sana.

"Frasia. Ni Osmunda. Niko mia moja na tatu. Umeitaja sasa hivi."

"Nimeitaja."

"Nimeogopa, Frasia. Sasa hivi, hapa. Mikono inataka kwenda kushoto. Sioni kitu mbele. Niiamini au nisiiamini?"

Hilo ndilo swali ambalo angepaswa kulijibu kwa miguu yake mwenyewe mwaka jana.

"Sijui," alisema. "Simama hapo hapo ulipo. Washa taa zote. Shuka ukakate matawi, Osmunda, matawi ya miti, uyatandaze nyuma na mbele. Usisogee mpaka nifike."

"Utafika lini?"

"Nakuja."

Mlango wa kushoto ulifunguliwa. Skolastika aliingia, nguo zimelowa umande, akafunga mkanda. Hakumtazama Frasia, ingawa kutoka nje alikuwa amesikia kila neno. Alitoa kupe nyuma ya sikio lake, akamweka juu ya dashibodi, mbele yao.

"Huyo mwanamke ana watoto?" aliuliza.

"Wanne."

"Yamebaki mangapi, hayo mengine?"

"Thelathini na tisa."

Skolastika alitikisa kichwa taratibu. "Sijakusamehe," alisema. "Usije ukadhani nimekusamehe."

"Najua, wifi."

"Endesha."

Frasia aliwasha gari na kurudi barabarani. Kwenye kile kipande kilichonyooka hapakuwa na kitu tena, si cha mgeni wala cha kaka yake, na lami ilipita chini yao kama lami nyingine yoyote. Aliushika usukani kwa nguvu na kuutazama mkono mmoja, kisha mwingine, ili awe na hakika kwamba ni yake.